Klabu za kuogelea za watoto: tunahesabu medali, tunasahau walimu

Tangu Machi 2025, Kirsty Coventry wa Zimbabwe alipochaguliwa kuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, kuogelea kumepanda cheo katika mazungumzo yetu ya michezo. Mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho ni muogeleaji, mwenye medali 7 za Olimpiki, mbili kati yake za dhahabu alizochukua Athens 2004 na Beijing 2008 katika mita 200 za kuogelea chali. Ongeza Michezo ya Olimpiki ya Vijana iliyopangwa kufanyika Dakar, Senegal, kuanzia Oktoba 31 hadi Novemba 13, 2026, ikiwa ni mara ya kwanza kwa mashindano ya Olimpiki kupigwa katika ardhi ya Afrika, na utaelewa kwa nini kila mtu sasa ana la kusema kuhusu mabwawa. Na karibu wote wanasema jambo lilelile: tujenge bwawa la mita 50, tuwapeleke watoto klabuni wangali wadogo, na siku moja tutampata Coventry wetu.

Hoja hiyo imeshika mkia ikaacha kichwa. Klabu ya kuogelea ni kitu kizuri kwa mtoto, na mzazi mwenye nafasi ya kumwandikisha asisite. Ila medali ndiyo sababu dhaifu kuliko zote za kufanya hivyo. Kazi kubwa ya klabu, ambayo hakuna anayeitangaza wala kuipigia picha, ni kumweka mtoto majini kwa miaka mingi akiwa na wenzake mpaka afike mahali anapoweza kumfundisha mtu mwingine. Kozi ya wiki mbili za likizo haiwezi kufanya hivyo, na mwalimu wa kulipwa anayefundisha mtoto mmoja mmoja hawezi. Nchi isiyo na klabu haina walimu wa kuogelea, na hapo ndipo penye pengo letu.

Tuanze na hali ilivyo. Kwa upande wa Tanzania, klabu zinazosikika zaidi ziko Dar es Salaam, majina kama Dar Swim Club na Taliss, na mashindano mengi hufanyika katika mabwawa ya shule za kimataifa. Nairobi nako hali haiko mbali na hiyo: ukitaka kujua klabu ilipo, tafuta shule ya binafsi yenye bwawa. Siku ya gala, yaani mashindano ya klabu, Jumamosi asubuhi, unakuta watoto wamejipanga kandokando ya bwawa, na mkononi kila mmoja kaandikwa kwa kalamu ya wino mzito: namba ya mbio, namba ya kundi, namba ya leni (njia ya kuogelea ndani ya bwawa). Mtoto wa miaka saba hasumbuki na ratiba iliyobandikwa ukutani, anausoma mkono wake. Mwisho wa kila leni wamesimama wazazi wenye saa za kupimia muda, maana hakuna klabu yenye fedha za kuwalipa watu wote wanaohitajika. Mimi niliwahi kushikishwa saa hiyo nikiwa nimekuja kutazama tu. Mtoto akishagusa ukuta, mara nyingi hageuki kuangalia nani kamtangulia. Anainua uso kumwangalia mwenye saa, maana anataka kujua kama zile sekunde 52 za mwezi uliopita zimeshuka kuwa 50.

Kutoka katika klabu hizo ndogo ndipo wanapotokea wale tunaowaona kila baada ya miaka minne. Magdalena Moshi na Ammaar Ghadiyali walikwenda London 2012, Hilal Hemed Hilal akaogelea Rio 2016, Collins Saliboko na Sophia Latiff wakaiwakilisha Tanzania Paris 2024. Nchi ambazo hazina waliofikia viwango vya kufuzu hupewa nafasi maalumu za mwanamume mmoja na mwanamke mmoja ili bendera zote zionekane, na mlango huo ndio tunaoutumia. Sioni aibu ndani yake. Ninachokiona ni ugumu wa kujenga sera nzima ya watoto juu ya nafasi mbili za upendeleo.

Hapo watetezi wa bwawa la mita 50 watanikatiza: hatufuzu kwa sababu hatuna miundombinu. Kuna ukweli. Muogeleaji aliyezoea bwawa la mita 25 anapata ukuta wa kujisukumia mara mbili zaidi, na anapoingia kwenye bwawa la Olimpiki anaona mwisho haufiki. Lakini tazameni Kenya. Kasarani pana bwawa kubwa lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, na kwa miaka yote hiyo halijatoa mfululizo wa mabingwa. Jason Dunford, muogeleaji mkubwa kuliko wote ambao Kenya imewahi kuwa naye, alizaliwa Nairobi, lakini alinolewa zaidi akiwa shuleni Uingereza na kisha Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Beijing 2008 aliweka rekodi ya Olimpiki kwenye mchujo wa mita 100 za mtindo wa kipepeo, rekodi ambayo haikumaliza hata mchujo huo kabla ya kuvunjwa, na akamaliza wa tano fainali. Coventry mwenyewe alipikwa Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama. Walichokipata huko ni kundi la wenzao wanaoogelea kila siku, kocha asiyekuwa na kazi nyingine tatu, na mashindano ya kila mara. Maji yalikuwa ni sehemu tu ya habari. Bwawa bila klabu ni jengo lenye gharama ya klorini.

Kuna hoja nyingine huwa inanong'onwa, wakati mwingine na watu wenye elimu zao: kwamba mwili wa Mwafrika haukuumbwa kwa maji, mifupa yetu mizito. Hii ni dhaifu kiasi kwamba ningeipita kama isingekuwa inawafanya wazazi wasijaribu kabisa. Mwaka 1988 mjini Seoul, Anthony Nesty, kijana mweusi wa Suriname, nchi yenye watu wachache kuliko Kinondoni, alimpiku Matt Biondi wa Marekani kwa tofauti ya sehemu moja ya mia ya sekunde katika mita 100 kipepeo. Leo Nesty ni kocha, na Paris 2024 alikuwa kocha mkuu wa wanaume wa Marekani. Simone Manuel, mwanamke mweusi wa Marekani, akachukua dhahabu ya mita 100 mtindo huru Rio 2016. Na hata bila kwenda mbali, muulize mzamiaji pweza yeyote wa Nungwi au wa Lamu kama mifupa yake inamzamisha. Nesty naye, kabla ya Seoul, alihamia shule moja ya Florida yenye timu imara, kwa sababu kwao wenzake wa kuogelea nao walikuwa wachache. Ni habari ileile ya timu.

Twende kwenye hoja nzito zaidi, ya watoto kufa maji. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2024 inakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tangu mwaka 2000 kiwango cha vifo hivyo duniani kimeshuka kwa asilimia 38. Barani Afrika kimeshuka kwa asilimia 3 tu, na ndiko kiwango kiko juu kuliko kwingine kote. Kwa takwimu kama hizo, mtu anaweza kusema: basi mpeleke kila mtoto klabuni, tatizo limekwisha. Mimi sisemi hivyo. Mtoto wa miaka miwili anayetumbukia kwenye kisima kisicho na mfuniko, au kwenye dimbwi la machimbo ya kokoto, haokolewi na klabu. Anaokolewa na mfuniko, uzio, na mtu mzima anayemwangalia wakati mama yuko shambani au sokoni. Vilevile nachoka kusikia MV Bukoba ya 1996, Spice Islander ya 2011 na MV Nyerere ya 2018 zikitajwa kama ushahidi kwamba watoto wafundishwe kuogelea. Vyombo vile vilijazwa kupita kiasi na kupinduka. Hilo ni deni la wakaguzi na wenye mamlaka, wala tusiwatwishe watoto.

Kinachobaki, baada ya kuondoa hayo, ni kundi kubwa la watoto wa shule, wa miaka sita na kuendelea, wanaochota maji, wanaovua, wanaovuka mito, wanaocheza ufukweni. Kwa hao WHO inashauri wazi wafundishwe kuogelea, kujilinda majini na kuokoa mwenzao bila kujihatarisha. Bangladesh wamelifanya hilo vijijini kwa mpango wao wa SwimSafe, kwenye madimbwi ya kawaida yaliyowekewa majukwaa ya mianzi. Mtoto anahesabiwa kuwa amehitimu akiweza kuogelea mita 25 na kuelea sekunde 30. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa vifo vya maji miongoni mwa waliohitimu vilipungua kwa zaidi ya asilimia 90 wakilinganishwa na wasiofundishwa. Hakuna bwawa la mita 50 mle. Hakuna hata vigae.

Msomaji makini atasema: basi hoja yako umeivunja mwenyewe, maana kama mita 25 zinatosha, klabu ya nini? Hili ndilo swali la haki kuliko yote, na jibu lake liko kwa yule aliyesimama dimbwini akiwashika watoto viuno. Huyo ametoka wapi? Mtu aliyejifunza mita 25 mwaka jana hawezi kufundisha darasa la watoto kumi majini. Anajua kujiokoa, basi. Anayefundisha lazima awe ametumia miaka akirudia, akiona makosa ya wenzake na ya kwake, akijua mtoto anayeogopa anatofautiana vipi na mtoto anayekaribia kuzama, maana anayezama mara nyingi hapigi kelele. Miaka hiyo haipatikani kwenye kozi. Inapatikana kwenye klabu, kwa mpango unaofanana na wa madrasa, ambapo aliyekwishapita juzuu kadhaa anakaa na yule anayeanza alifu wakati mwalimu anazunguka. Zanzibar tunao mfano ulio hai. Mradi wa Panje ulianza kufundisha kuogelea vijana wa Nungwi, wasichana wakiwemo, wakivaa mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima, na baadhi ya waliofundishwa wakawa wakufunzi wa wadogo zao. Wazazi waliokuwa na mashaka walikubali kwa sababu anayemshika binti yao majini ni binti wa kijiji chao. Nadhani ugumu wote wa kulipanua jambo hili uko hapo, katika kupata watu kama huyo, na hakuna bajeti ya saruji inayoweza kuwanunua.

Nimetaja faida ya jamii kwanza kwa makusudi, lakini mzazi haandikishi mtoto kwa ajili ya jamii. Anataka kujua mwanawe atapata nini. Atapata mwili wenye pumzi, hilo halina ubishi. Ila kinachonivutia mimi ni adabu ya leni. Mazoezini watoto sita wanagawana leni moja, wanapanda upande mmoja na kurudi upande mwingine, wakiachiana sekunde chache. Anayekwenda kasi akimfikia wa mbele humgusa unyayo, na aliyeguswa husimama ukutani ampishe. Hakuna kununa wala kusukumana, na kesho yake aliyepishwa anaweza kuwa yeye wa kupisha. Kisha zinakuja mbio za kupokezana. Kanuni yake ni kali: miguu ya anayepokea ikiondoka jukwaani kabla mwenzake hajagusa ukuta, timu nzima ya watoto wanne inaondolewa. Kwa hiyo mwenye papara anajifunza kumsubiri mwepesi wa kuchoka, na mzito kuliko wote anajua kwamba wenzake watatu wanamhitaji amalize. Katika mpira wa miguu wa watoto, mzito huwekwa benchi. Kwenye gala ya klabu nzuri anaogelea, muda wake unaandikwa, na mwezi ujao anashindana nao.

Niseme pia nisichokiamini. Kuna makocha wanaowaambia wazazi kwamba kuogelea kunapandisha alama darasani. Sitaiazima hoja hiyo. Watoto wa klabu zetu wengi wanatoka nyumba zenye vitabu, gari na chakula cha uhakika, na haishangazi wakifaulu. Hofu ya mzazi ni kwamba mtihani wa Darasa la Nne au la Saba uko mlangoni, na Jumamosi ni siku ya tuisheni. Ninachoweza kumwambia kwa haki ni kwamba mazoezi ya saa moja mara tatu kwa wiki hayajawahi kumwangusha mtoto anayelala mapema, na kwamba tuisheni ya siku sita kwa wiki kwa mtoto wa miaka tisa inahitaji kujitetea yenyewe kwanza.

Gharama ndiyo hoja inayoniuma, na sina jibu jepesi. Ada ya mwezi, nguo, miwani, kofia, nauli ya kwenda na kurudi mara tatu kwa wiki, kiingilio cha gala: kwa familia nyingi za Mbagala au Kayole hiyo ni kodi ya chumba. Anayesema klabu ni mambo ya matajiri anasema kweli kuhusu leo. Lakini gharama kubwa humo ni ya kukodi maji, na maji mengi yamekaa bure. Mabwawa ya shule na hoteli huwa hayana watu alasiri za siku za kazi. Pwani yote ina bahari, na kocha anayejua maji kujaa na kupwa, anayejua kwamba siku za bamvua mkondo si wa kuchezea, anaweza kuendesha klabu ufukweni kwa kamba, maboya na mtumbwi mmoja wa uokoaji. Mwanza, Kisumu na Bukoba ziwa liko mlangoni, ingawa huko kichocho na mamba vinataka uangalifu wa kuchagua mahali. Mtaala wa Kenya umeshaweka kuogelea ndani ya elimu ya viungo, na wazazi walilalamika, kwa haki, kwamba shule hazina bwawa wala mwalimu. La bwawa linazungukika kwa mkataba na jirani. La mwalimu ndilo gumu.

Kisha usalama wa mtoto mbele ya mtu mzima aliyepewa mamlaka juu yake. Hili halizungumzwi vya kutosha kwetu. Mwaka 1995 Paul Hickson, aliyekuwa kocha wa timu ya Uingereza kwenye Olimpiki ya Seoul, alifungwa miaka 17 kwa ubakaji na udhalilishaji wa waogeleaji vijana. Kesi hiyo iliwalazimisha Waingereza kuandika upya taratibu zao, na mwaka 2001 wakaunda kitengo maalumu cha kuwalinda watoto michezoni. Sisi tusisubiri kesi yetu. Mzazi anapouliza ada, aulize pia: nani yuko chumba cha kubadilishia nguo, je, kocha anaruhusiwa kubaki peke yake na mtoto, anaruhusiwa kumtumia ujumbe binafsi usiku, na malalamiko yanapelekwa kwa nani asiyekuwa rafiki wa kocha. Klabu inayokasirishwa na maswali hayo imeshajibu.

Maswali hayohayo yanagusa wasichana kwa namna ya pekee. Wengi huanza kupungua klabuni wanapofika miaka 12 au 13, hedhi inapoanza, na kocha ni mwanamume asiyejua aseme nini, hivyo hasemi kitu. Nywele nazo zina kesi yake: msichana aliyesukwa kwa pesa ya mama yake hataki klorini izile, na kofia za kawaida hazimtoshi. Mwaka 2021 shirikisho la dunia lilizikataa kofia kubwa za Soul Cap zilizotengenezwa kwa nywele za namna hiyo, likazikubali mwaka uliofuata baada ya kelele. Kocha mwanamke, saa za mazoezi za wasichana peke yao pale jamii inapotaka, na ruhusa ya kuvaa vazi la kufunika mwili kwenye gala za ndani ni mambo ya bei rahisi kabisa ukilinganisha na bwawa.

Na kuna mahali pengine tunapowapoteza, wavulana na wasichana pamoja: Kidato cha Kwanza. Mtoto ameogelea miaka minne au mitano, mwili ndiyo kwanza unaanza kupata nguvu, anapelekwa bweni mkoa mwingine ambako maji ya kuoga yenyewe ni ya foleni. UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na za sekondari Tanzania, zimejengwa juu ya mpira wa miguu, netiboli, wavu, mikono na riadha, kwa hiyo shuleni hakuna kinachomkumbusha kwamba ni muogeleaji. Anayefikiria medali atasema tumempoteza bingwa, na huenda hakuwa bingwa. Tuliyempoteza kwa hakika ni mwokoaji wa miaka 17 na mkufunzi wa miaka 18, yule ambaye likizo ya Desemba angeweza kurudi Kilwa au Ukerewe na kufundisha watoto thelathini mita zao 25.

Kwa hiyo, Dakar ikija na kupita, kuna takwimu nyingine ningependa kuiona kwenye taarifa za vyama vyetu: vijana wangapi walioanza klabuni kabla ya miaka 10 wamefika 16 wakiwa bado wanaogelea, na wangapi kati yao wana cheti cha uokoaji au cha kufundisha hatua ya kwanza. Cheti hicho kiandikwe kwenye ripoti ya shule kama kinavyoandikwa cheti cha skauti, ili hata mwanafunzi wa bweni awe na sababu ya kurudi klabuni kila likizo. Halmashauri yenye bwawa, au yenye shule yenye bwawa, igawe saa za alasiri kwa kuangalia namba hizo. Hapo klabu inayotoa wakufunzi wanane kwa mwaka itapata nafasi mbele ya ile yenye kabati la vikombe vya watoto wa miaka tisa, ambao wengi wao mwakani hawatakuwepo.